Tusingoje Disemba Kusasambua Vikorokoro

Bei ya unga huzungumzwa kila siku nchini Kenya, na siasa nazo hazikosi wasemaji. Lakini kuna jambo moja la nyumbani ambalo hatulitaji mpaka mgeni abishe hodi. Jambo lenyewe ni vikorokoro. Hodi ikishapigwa utaona watu wakikimbia huku na huko kama waliovamiwa na nyuki. Viatu vinasukumwa chini ya kiti, nguo zinarushwa nyuma ya pazia, magazeti yanatumbukizwa mvunguni mwa kitanda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui kama walijua kwamba siku moja mwenyeji angeponea mvunguni!

Mgeni akishakunywa chai na kwenda zake, vitu hurudi vilikotoka, na maisha huendelea vivyo hivyo. Mama hupita, huangalia, huguna, kisha husema, "Tutapanga likizo ya Disemba." Disemba ikifika kuna Krismasi, kuna safari ya kwenda mashambani, kuna karo ya Januari ya kutafutwa. Basi nyumba inangoja Disemba nyingine.

Mpenzi msomaji, wapo wanaosema kwamba nyumba yenye vitu shaghalabaghala ni nyumba ya wavivu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Katika nyumba hizo nimeona watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wakafanya kazi mpaka usiku. Mtu wa namna hiyo utamwitaje mvivu? Maoni yangu ni kwamba amezidiwa. Akitazama rundo lile hajui pa kuanzia, na kwa kuwa hajui pa kuanzia, haanzi. Dawa yake ni kuanza na pembe moja ndogo, leo hii, na kuimaliza. Tena aanze kwa kuchagua kabla ya kusafisha, na asiachiwe kazi hiyo peke yake.

Kwanza tujiulize, vitu hivi vilitoka wapi? Havikuingia kwa lori. Viliingia kimoja kimoja, tena kila kimoja kikiwa na sababu nzuri. Mkebe wa Kimbo ulipokwisha mafuta ulioshwa ukawekewa sukari, na mwingine ukawekewa chumvi. Zamani mkebe mdogo ungepelekwa kwa fundi wa jua kali ukatoka koroboi, na mkebe wa kilo mbili ukawa gorogoro ya kupimia mahindi sokoni. Siku hizi nyumba nyingi zina stima au taa ya sola, na koroboi haiulizwi tena. Lakini mikebe bado inawekwa, inangoja kazi ambayo imekwisha.

Halafu kuna vitabu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Hata hivyo, nenda katika nyumba nyingi leo utakuta katoni ya vitabu vya darasa la sita, la saba na la nane, pamoja na makaratasi ya mitihani ya majaribio ambayo hakuna mtoto atakayeyafanya tena. Kuna na ile runinga yenye kisogo kikubwa. Matangazo yalipohamia mfumo wa dijitali mwaka wa 2015, wengi walinunua runinga nyingine kadiri walivyoweza. Ile ya zamani haikutoka. Ilifunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, ikageuzwa meza ya kuwekea runinga mpya! Aidha, tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Lilikuwa jambo zuri. Lakini tangu siku hiyo kila tukienda dukani bila kikapu tunanunua mfuko mwingine wa kitambaa, na sasa kila jikoni pana mfuko mmoja uliojaa mifuko.

Ukimwambia mwenye nyumba apunguze, atakujibu kwa methali: akiba haiozi. Na mimi siwezi kumcheka. Mzazi aliyewahi kukosa pesa za kununua kalamu hawezi kutupa kalamu. Nyanya aliyeishi miaka ya njaa anaujua uzito wa gunia tupu, kwa maana ndilo atakalotilia mahindi mavuno yakija. Kwa mtu asiye na kipato cha uhakika, kila kinachotupwa leo huenda kikanunuliwa kesho. Wanaotuambia tutupe tu, mara nyingi ni watu ambao wakikosa kitu jioni watakinunua asubuhi.

Lakini hebu tuichunguze methali yenyewe. Akiba haiozi ikiwa ni akiba. Na akiba ni kitu unachojua unacho, unajua kiko wapi, na siku ukikihitaji unakipata. Je, shati lililo chini ya katoni nne na limeshaliwa na panya ni akiba? Magazeti yaliyojengewa kichuguu na mchwa ni akiba? Mtu mwenye misumari kilo moja asiyoweza kuiona hukimbia dukani kununua mingine. Huyo hana akiba, ana gharama mara mbili.

Isitoshe, kuna hasara kubwa kuliko ya misumari. Mwanafunzi akitimiza miaka 18 anapokwenda kuchukua kitambulisho huulizwa cheti cha kuzaliwa. Jamani, ni wangapi kati yetu wanaoweza kukitoa cheti hicho usiku huu huu? Katika nyumba iliyozidiwa, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, risiti za karo na hata hati ya shamba hulala pamoja na kalenda za zamani na karatasi za kufungia sabuni. Siku vinapohitajika, nyumba nzima hupinduliwa juu chini, na mara nyingi maneno makali husemwa kati ya baba na mama, au kati ya mama na watoto. Nani alikiweka? Nani alikitoa? Kumbe hakuna aliyekitoa, kimefunikwa tu.

Upande wa afya nao si haba. Kopo, ndoo iliyotoboka juu na gurudumu la gari lililoachwa nyuma ya nyumba hukusanya maji ya mvua, na humo huzaana mbu aina ya Aedes. Mbu huyu huuma mchana, tofauti na yule wa malaria anayetuwinda usiku. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Watu wa Mombasa wanayajua haya vizuri, maana walipatwa na mlipuko wa dengi mwaka wa 2013, na ule wa chikungunya ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2017. Tena katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo jiko, kitanda na katoni za karatasi vinakaa pamoja, cheche moja inatosha. Na mlango uliozibwa na magunia si mlango wakati wa moto.

Sasa turudi kwenye swali kubwa. Kwa nini mtu anayeona hatari zote hizi bado anakaa tu? Sisi wanafunzi tunaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Fikiria umeingia katika chumba cha mtihani, ukapewa karatasi yenye maswali mia tano, yote ya lazima, na yote yanakutazama kwa pamoja. Kichwa kitazunguka! Rundo la vikorokoro ni karatasi ya namna hiyo. Kila kitu ndani yake ni swali. Nikitupe? Nikiweke? Nikiweke wapi? Nimpe nani? Huyo aliyeniletea ataudhika? Macho yanaona vitu, lakini akili inasoma maswali, nayo inachoka kabla ya mikono kufanya lolote.

Na walimu wetu hutufundisha nini kuhusu mtihani? Hutuambia tuanze na lile swali tunaloliweza, tulimalize, tupate nguvu ya kwenda kwa jingine. Nyumbani pia ni vivyo hivyo. Usianze na nguo za marehemu babu wala barua za zamani za mama. Anza na takataka za wazi ambazo hazina mjadala: chupa iliyovunjika, kalamu iliyokauka, soksi isiyo na mwenzake, kopo lililotoboka, kalenda ya mwaka uliopita. Kwa vitu hivyo huulizi mtu wala hujiulizi. Mkono unachukua, unatia guniani, basi.

Najua wapo wasomaji watakaonikumbusha Marie Kondo, yule bibi wa Japani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilisomwa na watu wengi sana duniani tangu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 2014. Yeye hushauri kwamba kazi ifanywe kwa mkupuo, si kidogo kidogo. Mtu azitoe nguo zake zote, azirundike mahali pamoja, kisha ashike moja moja na kujiuliza kama inamfurahisha. Namheshimu, tena nakubaliana naye kwamba vitu vya kumbukumbu viachwe mwisho. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuzidiwa, katika chumba kimoja chenye watu watano, nguo zote zitarundikwa wapi? Kitandani? Na saa nne usiku watoto watalala wapi? Kazi ya mkupuo inayokatizwa na giza huacha fujo kubwa kuliko ya mwanzo, na mtu akishaona hivyo mara moja harudii tena. Ama kuhusu furaha, sufuria iliyoungua masizi haimfurahishi mtu, lakini ndiyo inayopika ugali!

Kwangu mimi funzo bora zaidi kutoka Japani ni lile lililopitia hospitalini. Mwaka wa 2007, kwa msaada wa Wajapani, hospitali za Tanzania zilianza kutumia utaratibu wa S tano. Ndugu zetu hao hawakuuacha katika lugha ya kigeni. Waliupa maneno matano ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Sasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Seti ni kukipa kila kitu mahali pake. Safisha inajieleza yenyewe. Sanifisha ni kuweka utaratibu mmoja unaojulikana na wote, na Shikilia ni kuendelea nao bila kusukumwa. Katika hospitali maana yake huonekana haraka, kwa sababu muuguzi anayetafuta kifaa kabatini ana mgonjwa anayemngoja.

Tazameni sana mpangilio wa maneno hayo. Safisha ni la tatu! Sisi nyumbani huanza nalo. Tunachukua kitambaa, tunapangusa vumbi juu ya kitu ambacho hatukihitaji, tunakirudisha palepale, halafu tunasema tumepanga nyumba. Wengine huanza na la pili. Hununua kabati au ndoo za kuwekea vitu, na kesho yake ndoo zenyewe zimekuwa vikorokoro zaidi. Anayeanza kwa kusasambua atakuwa na vichache vya kuseti na vichache zaidi vya kusafisha.

Katika nyumba yetu tulilijaribu jambo hili likizo moja ya Aprili. Tulichagua rafu moja tu iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikawa ninatoa kitu kimoja kimoja na kumwuliza. Tulikuwa na magunia matatu. La kwanza ni la kutupa, la pili ni la kumpa mwenye haja, na la tatu tuliliita "bado". Kitu ambacho mama hakuweza kukiamua kwa haraka kilikwenda kwenye "bado" bila mabishano. Gunia hilo tuliandika juu yake kwa makaa "mwisho Agosti". Dakika kumi na tano zilipokwisha tulisimama, hata kama mikono ilitaka kuendelea. Siku ya tatu rafu ilikwisha. Ndani yake tulipata mikebe kumi na mmoja na vifuniko vitatu, na chini kabisa kadi ya kliniki ya mdogo wangu, ambayo mama aliitafuta kwa muda mrefu mpaka akalia. Aliishika, akasema tu, "Kumbe ilikuwa hapa." Kesho yake mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Leo tunafanya wapi?"

Swali hilo la mama ndilo ushahidi wangu. Pembe moja iliyokwisha humpa mtu moyo kuliko nyumba nzima iliyoanzwa. Akiingia jikoni akaona rafu moja inayopumua, anajua jambo linawezekana. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili letu halitakwisha kwa kulitazama.

Hata hivyo, kuna mipaka ya adabu. Mtoto hana ruhusa ya kutupa mali ya wazazi wake kwa sababu amesoma makala katika jarida la shule! Anayetupa kitu cha mwenziwe kisiri humfanya mwenye kitu ashikilie vingine kwa nguvu zaidi, na imani ikivunjika nyumbani haijengwi kwa magunia. Anza na vilivyo vyako: vitabu vyako, viatu vyako, sanduku lako. Kwa vya wengine, uliza. Ama nguo na vitu vya marehemu, hivyo vina desturi zake na vina machozi yake. Ni vya wazee kukaa chini pamoja na kuamua kwa wakati wao. Vikikaa miaka miwili zaidi havitamuumiza mtu, mradi vimekunjwa vizuri na kuwekwa mahali pa heshima.

Jambo jingine nitalisema bila kuficha. Katika nyumba nyingi, vikorokoro huletwa na watu wote lakini huondolewa na mama na wasichana. Mvulana anavua viatu mlangoni, anatupa begi kitini, anakwenda uwanjani kucheza mpira. Dada yake anaitwa. Kwa nini? Mkono uliokiweka kitu sebuleni una vidole vitano sawa na mkono unaotakiwa kukiondoa. Kaka zangu wa shule hii, msinikasirikie. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mama mmoja hamalizi rundo la watu saba.

Kuna watakaosema kwamba hata tukipunguza, vitu vitarudi tu. Ni kweli, vitarudi ikiwa mlango utabaki wazi vilevile. Ndiyo maana neno la tano ni Shikilia. Kabla mkebe mpya haujawekwa, ulizeni una kazi gani wiki hii. Mkienda dukani, chukueni kikapu. Karatasi muhimu zote ziwekwe katika bahasha moja kubwa, mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, na zisitoke hapo ila kwa haja.

Pia tujue vinakokwenda vinavyotoka. Kutupa nje ya ua ni kumhamishia jirani vikorokoro vyetu. Jaa la Dandora jijini Nairobi, lililoanza kutumika katika miaka ya sabini, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na watu wa mitaa ya karibu ndio waliovuta moshi wake. Kwa hivyo kinachoweza kutumika kipewe mtu. Daftari zenye kurasa tupu zitafutiwa mtoto wa kuandikia. Chupa, plastiki na vyuma viuzwe kwa wanaovinunua. Betri kuukuu zisitiwe motoni wala chooni, na plastiki isichomwe jikoni kuwashia makaa, maana moshi wake ni sumu. Dawa zilizopita muda wake ziwekwe mbali na watoto, na ushauri uulizwe zahanati.

Wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna mtu atakayetoka wizarani kuja kutuinamia. Wanaolala bwenini wanaweza kuanza usiku wa leo na sanduku, wakatoa karatasi za muhula uliopita na ile sabuni iliyogeuka jiwe. Wanaotoka nyumbani waanze na rafu moja, dakika kumi na tano, magunia matatu. Na mimi ninatoa hoja kwa mlezi wa chama chetu na kwa wanachama wote. Kabati letu la Kiswahili halifungiki, kwa sababu ya makaratasi ambayo hakuna anayekumbuka ni ya mashindano gani. Alhamisi ijayo, baada ya masomo ya jioni, tuanze na rafu ya chini tu. Anayeniunga mkono aje na gunia.